Nilikitia alama ya vema, kisima kikafa

Ndugu Mhariri,

Katika gazeti lako nimesoma barua mbili kuhusu misaada ya wafadhili, zote zilizoandikwa baada ya Wamarekani kulifunga shirika lao la USAID Julai mwaka 2025. Mwandishi wa kwanza analia kwamba tumeachwa yatima. Wa pili anashangilia: fedha zote zililiwa, anasema, na hazikuacha kitu isipokuwa magari meupe na vibao vya miradi vilivyoota kutu kando ya barabara. Niliwasoma wote wawili nikiwa chini ya mwembe wangu hapa Arua, nikashangaa jinsi kila mmoja anavyosema kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu. Hesabu hiyo kaipiga nani? Mimi nilikuwa miongoni mwa watu waliolipwa kuipiga, nyumbani na ugenini, na naomba nafasi nieleze tulivyokuwa tukiipiga.

Nilifanya kazi ya maji tangu 1989 hadi nilipostaafu 2022 nikiwa na miaka 60. Sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa mtumishi wa wilaya huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nikishughulika na visima vya pampu, vile ambavyo Waganda huviita nayikonto. Lakini kazi yenyewe sikuisomea hapa. Mwaka 1982 nilipata udhamini wa kwenda Umoja wa Kisovyeti. Wenzangu walipangiwa Moscow na Kiev, mimi nikapangiwa Frunze, mji mkuu wa jamhuri ya Kirgizia (Kyrgyzstan ya leo), na ofisa aliyenikabidhi barua yangu Kampala alizungusha kidole kwenye ramani kwa muda mrefu, kisha akasema, "Utauona ukifika." Nikauona. Mwaka mmoja wa Kirusi, miaka mitano ya umwagiliaji na ujenzi wa mifereji, na milima yenye theluji upande wa kusini kila ukifungua dirisha. Maziwa yao ya farasi yaliyochachuka sikuwahi kuyazoea, lakini boorsok nilizila kama mtu wa nyumbani: ni mandazi haya haya tunayouziwa stendi ya Arua, ila madogo, na mgeni akiingia humwagwa mezani kwa wingi kama karanga.

Nayaeleza haya kwa sababu nitazungumzia nchi mbili kwa pamoja, na msomaji ana haki ya kuuliza Arua na Kirgizia wapi na wapi.

Kirgizia ilipata uhuru tarehe 31 Agosti 1991 ikiwa na watu wapatao milioni nne na nusu. Frunze ikawa Bishkek, ingawa kwa miaka mingi tiketi ya ndege ya kwenda huko iliendelea kuandikwa FRU. Haikuwa na mafuta kama jirani yake Kazakhstan. Viwanda vyake viliishi kwa oda za Moscow na bajeti yake kwa hazina ya Moscow, na vyote viwili vilikatika karibu kwa pamoja. Hapo wafadhili wakamiminika, nao Wakirgizi wakafanya karibu kila walichoshauriwa. Mei 1993 walikuwa wa kwanza Asia ya Kati kuiacha rubli ya Warusi na kutoa sarafu yao, som. Desemba 1998 wakaingia Shirika la Biashara Duniani kabla ya jamhuri nyingine yoyote iliyotoka kwenye Umoja wa Kisovyeti. Rais wao wa kwanza, Askar Akayev, alikuwa mwanafizikia mwenye maneno ya upole, na wageni wakaiita nchi yake Uswisi ya Asia ya Kati.

Sasa kumbuka sisi katika miaka hiyo hiyo. Aprili 1998 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupunguziwa madeni chini ya ule mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Kulikuwa na miaka ambayo karibu nusu ya bajeti yetu ilitoka kwa wafadhili. Tulikuwa wanafunzi wa dawati la mbele, sisi na Wakirgizi, na mwanafunzi wa dawati la mbele mwalimu hamfunui daftari mara kwa mara. Akayev alikimbia Machi 2005 waandamanaji walipoingia ikulu. Kurmanbek Bakiyev aliyemfuata akafukuzwa Aprili 2010. Katikati ya hayo Wakirgizi waliletewa mpango ule ule wa madeni ambao sisi tuliupokea kwa mikono miwili. Wao waliupinga hadharani, na Februari 2007 serikali yao ikaukataa. Nani alipatia, wao au sisi, wachumi wagombane wenyewe. Mimi nina habari ya mabomba.

Mwaka 2012 Mzungu mmoja niliyewahi kufanya naye kazi hapa Arua alikumbuka kwamba najua Kirusi. Kampuni ya ushauri iliyomwajiri ilikuwa imepewa kazi ya kutathmini mradi wa maji vijijini huko Kirgizia, nikachukuliwa kama mtaalamu wa maji na nusu mkalimani. Nilichukua likizo, nikaondoka. Usifikiri nasema juu ya mpango ule mkubwa ulioitwa Taza Suu, yaani maji safi, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Asia na Uingereza. Huo ulisemwa sana na Wakirgizi wenyewe. Wetu ulikuwa mdogo na sitautaja jina, maana waliokuwamo bado wanatafuta mkate.

Tulikuwa na siku kumi. Mbili zilikwisha katika ofisi za Bishkek, tukinywa chai na kupokea majedwali. Tatu zilikwisha barabarani. Tulipofika kijiji chetu cha tatu katika mkoa wa Naryn ilikuwa Oktoba, nyasi kavu zimerundikwa juu ya mapaa ya mazizi, na wazee wenye kofia zao nyeupe za sufu wametupangia mstari. Tulikaribishwa vizuri kuliko tulivyostahili. Bomba la kijiji, ambalo wao huliita kwa Kirusi kolonka, lilifunguliwa mbele yetu na maji yakatoka kwa nguvu, meupe, baridi mpaka vidole vinauma. Kwenye fomu yangu kulikuwa na swali: je, mfumo unafanya kazi siku ya ukaguzi? Ndiyo au hapana. Nikatia alama ya vema kwenye ndiyo.

Wenzangu walipokuwa wakipiga picha nilimsogelea kijana wa miaka kama kumi aliyebeba ndoo mbili. Nikamuuliza kwa Kirusi kama maji huja kila siku. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama jua huwaka usiku. "Hapana," akasema. "Leo yamekuja kwa ajili ya komissiya."

Komissiya, yaani tume ya wakaguzi, ilikuwa sisi.

Bibi yake akatuita tunywe chai. Alikuwa mama mwenye meno mawili ya dhahabu, kila mtu pale akimwita Apa, na aliposikia nilisoma Frunze alinipiga begani akasema basi wewe ni wetu, kula. Nikala. Kisha akanieleza, na sikuhitaji tena fomu. Pampu inatumia umeme, na chama cha watumiaji maji hakiwezi kulipa bili, kwa hiyo huiwasha siku mbili kwa wiki, au wakija wageni. Wenye nyumba za juu kabisa wameunganisha mipira yao gizani na wanamwagilia viazi. Walio chini, kama yeye, hupata mlio wa hewa. Wakati wa baridi kali bomba huganda, na wajukuu wake huwasha samadi kavu kulizunguka ili liyeyuke. Lisipoyeyuka wanakwenda kwenye mfereji ule ule ambao mama yake alichota, wanavunja barafu kwa shoka. Kwa taaluma yangu nilijua sababu ya kuganda kabla hajamaliza: bomba lilifukiwa karibu mno na uso wa ardhi. Mwalimu wangu pale Frunze angemnyima mwanafunzi cheti kwa kosa hilo. Mkandarasi alichimba kina kifupi kwa sababu mita zilizochimbwa hazikaguliwi na mtu yeyote baada ya udongo kurudishwa.

Wakati wa kuaga Apa aliniuliza: mtarudi lini kuona wakati wa baridi? Nikamtafsiria kiongozi wetu. Akajibu kwamba ripoti itatumwa kwa wahusika. Nikamtafsiria Apa jibu hilo, na mpaka leo katika tafsiri zote nilizowahi kufanya hiyo ndiyo inayoniumiza.

Ripoti ilitoka na kurasa zaidi ya themanini. Ilikuwa ya Kiingereza, na muhtasari wake wa Kirusi. Kijiji kile kinaongea Kikirgizi. Nilikuwa nimeandika aya nzima juu ya pampu iliyowashwa kwa ajili yetu. Ilipotoka, aya ile ilikuwa imekauka na kubaki maneno machache: kuna changamoto kadhaa za uendelevu. Neno hili changamoto, Mhariri, ningekuwa na mamlaka ningelifungia mwaka mmoja. Bomba limeganda: changamoto. Mweka hazina katoroka: changamoto. Ukishaliandika, hakuna tena mtu aliyekosea wala kitu kilichoharibika, na kila mmoja analala salama.

Kiongozi wetu hakuwa mtu mbaya, na simsemi kwa hila. Alilipwa na wale wale waliofadhili mradi, na ofisi iliyotaka kusikia mradi ulifaulu ndiyo ingetoa kandarasi ya mwaka ujao. Vigezo vyenyewe si vibaya. Nchi tajiri, kupitia kamati yao ya misaada katika shirika la OECD, ziliviweka vitano mwaka 1991, kikaongezwa cha sita mwaka 2019: je, mradi uliwafaa watu, ulifikia lengo, gharama zililingana na kazi, ulibadilisha nini, utadumu, na je, uliafikiana na miradi mingine. Swali la kudumu limo. Lakini unalijibuje wiki ambayo mradi unafungwa? Ni kumpima mtoto siku ya kuzaliwa na kuandika kwamba atafika uzeeni.

Kuna na jambo jingine nililojifunza kule. Katika ripoti moja niliyopewa kusoma Bishkek waliandika kwamba umaskini umepungua katika vijiji vya mradi, na walikuwa na picha za nyumba zenye mapaa mapya. Mapaa yalikuwepo, niliyaona. Lakini kila nyumba niliyoingia ilikuwa na mtoto wa kiume Urusi, anajenga au anafagia au anaendesha teksi. Katika miaka ile fedha zilizotumwa na wahamaji wa Kirgizia zilifikia karibu theluthi ya pato la nchi nzima. Msaada wa wafadhili haukufua dafu mbele ya kijana anayefagia theluji Moscow. Nikacheka peke yangu, maana nilikumbuka gombolola moja (yaani kata) huku kwetu ambako mradi wa mbegu ulijisifu kwa mabati. Vijana wa pale walikuwa wamevuka mpaka kwenda Juba baada ya amani ya Sudan ya 2005, wakauza bia, saruji na mihogo, wakarudi na mabati. Mkaguzi alihesabu mabati. Juba hakuiuliza.

Lakini nisije nikampa nguvu yule mwandishi wako wa pili, anayesema yote yalikuwa upepo. Huko huko Naryn nilikuta kina mama wa kamati ya afya ya kijiji wakiingia dukani na kichupa kidogo cha dawa, wanadondosha tone kwenye chumvi ya muuza duka. Ikigeuka rangi, ina madini joto. Isipogeuka, wanamwambia mbele ya wateja. Kamati hizo zilianza Naryn kwa msaada wa Waswisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na zilianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe ni magonjwa gani yanawasumbua, tezi la shingo likiwa mojawapo. Niliuliza nani anawalipa. Wakacheka, hakuna. Na katika sekta hiyo hiyo ya afya, kuanzia 2006, wafadhili kadhaa walikubali kutia fedha zao katika chungu kimoja kupitia bajeti ya serikali, na wote kukagua pamoja badala ya kila mmoja kuleta gari lake na fomu yake. Nilivutiwa kuona daktari wa wilaya anayeeleza hesabu moja kwa watu wote. Hapa kwetu nimewahi kuandika ripoti nne za robo mwaka kuhusu kisima kimoja, kwa mashirika manne, kila moja na jedwali lake, na kila moja likikidai kisima ni chake.

Warusi wana neno lao, grantoyed, yaani mla-ruzuku: mtu ambaye kazi yake ni warsha. Nilipolisikia nilijua namwona nani. Posho, nauli ya kurudi, soda, kalamu, picha ya pamoja. Nimekula hizo posho pia, sikatai.

Sasa nirudi Arua, kwa sababu aibu kubwa si ya Kirgizia.

Mwaka 2009 nilipokea kisima cha pampu karibu na shule ya msingi, katika gombolola ambayo siitaji. Nilifanya kila kitu kama kanuni inavyotaka. Nilihesabu mikupuo ya kujaza dumu la lita ishirini, nikatazama saa, nikaonja. Kina mama walipiga vigelegele, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akahutubia, mfadhili akakata utepe. Nikatia alama ya vema. Mwezi wa nne maji yakaanza kutoka mekundu. Nguo nyeupe za shule zikawa kahawia, enyasa, ugali wetu, ikigeuka rangi mwikoni, na watu wakarudi kijitoni taratibu, familia moja moja, bila kumwambia mtu. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki yalikuwa yakiliwa na maji ya ardhi ile, kisha yakatoboka. Kamati ya maji ilikuwa na fedha za kununua grisi. Bei ya mabomba mapya ilizidi kila walichowahi kuchanga. Kutu hii ilijulikana. Nchi nzima mafundi wa pampu waliisema miaka mingi, na mwaka 2016 ndipo wizara iliposimamisha matumizi ya mabomba ya aina hiyo. Na katika daftari letu la wilaya kisima kile kiliendelea kuwa kizima kwa miaka, kwa sababu kulikuwa na fomu ya kutia alama na hapakuwa na fomu ya kuifuta.

Nilipostaafu nilichukua madaftari yangu ya zamani, nikatafuta visima ambavyo saini ya kupokea ni yangu mwenyewe. Vilivyokuwa karibu kiasi cha kufikika kwa boda na kurudi jioni vilikuwa kumi na vinne. Nilivizungukia katika kiangazi cha miaka miwili, 2023 na 2024, kwa pensheni yangu, mke wangu akiniambia nimerogwa. Sita vilikuwa vikitoa maji. Vitano vimesimama vimekufa. Vitatu havipo kabisa: nilikuta duara la saruji na nyasi, chuma chake kimeuzwa chakavu. Hizi si takwimu za nchi, Mhariri, ni deni la mzee mmoja.

Lakini katika vile sita kuna kimoja kilichonifundisha kuliko semina zote. Nilikipokea mwaka 2005. Wakati ule niliandika kwamba kamati yake ni dhaifu, haina daftari, wanaume wanagombana, na nilitabiri kwamba hakitamaliza miaka mitatu. Nilikikuta kinapampu. Nikauliza, nikapelekwa kwa mama mmoja muuza samaki wakavu sokoni. Mradi ulipoondoka, yeye na wenzake waliwanyang'anya wanaume mfuko wa maji, wakauingiza katika kikundi chao cha akiba. Kila nyumba inatoa shilingi elfu moja kwa mwezi, fedha zinakopeshwa kwa riba, na riba ndiyo inayonunua vipuri. Mwaka ambao silinda ilikufa walimwita fundi asubuhi, jioni watu wakateka. Yote haya yalianza baada ya mimi kufunga faili. Hakuna ripoti hata moja yenye habari ya mama huyu. Mimi mwenyewe nilikwisha kumwandikia kijiji chake kwamba kimeshindwa. Nilimwambia hivyo. Akanitazama, akaniuzia samaki kwa bei ya mgeni.

Kwa hiyo ninachoomba ni kitu kimoja tu, na nakiomba kwa yeyote atakayebaki kutoa misaada baada ya Wamarekani, awe Mchina, Mturuki, Mzungu wa Ulaya, na kwa serikali yetu inayogawa fedha kwa parokia (za utawala, si za kanisa). Kila mradi utengewe tangu mwanzo fedha ya mtu kurudi baada ya miaka mitano. Arudi bila taarifa, katika msimu mbaya: kwetu Februari, kwao Januari. Asiwe aliyelipwa na waliojenga. Na akiondoka, alichokiona kibandikwe ukutani kwa lugha wanayosoma wenye kisima, kiwe Kilugbara, kiwe Kiswahili, kwa sababu baraza la mawaziri lilikubali Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima mashuleni na sidhani walikusudia watoto wajifunze ili kusoma hadithi tu.

Watasema ni gharama. Nimeona bajeti za uzinduzi, nimeona hema, bendi na fulana. Fedha ya boda ipo.

Watasema pia wanakijiji hawajui kutathmini. Barabara ya Fort Portal kwenda Kamwenge, magharibi mwa Uganda, iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia, ilikuwa na ripoti zake zote. Walioeleza kwamba wasichana wa pale wananyanyaswa na wafanyakazi wa ujenzi ni wakazi wenyewe, na malalamiko yao ndiyo yaliyoifikisha Benki ya Dunia kuufuta mradi ule Desemba 2015.

Na gazeti lina kazi hapa, ndiyo maana nakuandikia wewe sikumwandikia waziri. Wenye umri wangu wanakumbuka. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walikwenda katika shule za msingi 250 za nchi hii wakauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: ruzuku ya wanafunzi iliyotoka hazina, ninyi mmepokea kiasi gani? Ikaonekana kati ya 1991 na 1995 shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu, na nyingi hazikupata hata senti. Kule Kampala vitabu vilikuwa safi. Serikali ikaanza kutangaza katika magazeti na redio kila wilaya imetumiwa shilingi ngapi, na shule zikatakiwa kubandika kiasi mlangoni. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Wapo wasomi waliosema baadaye kwamba magazeti pekee hayakuifanya kazi yote, kulikuwa na mageuzi mengine. Sawa. Lakini nakumbuka mwalimu mkuu mmoja hapa Arua aliyekata kipande kile cha gazeti, akakikunja katika mfuko wa shati na kwenda nacho ofisi ya wilaya kama mtu aliyebeba hati ya kiwanja.

Nakuomba ukurasa mmoja kwa mwezi. Kila mwezi chagueni wilaya moja, chapisheni orodha ya miradi ya maji iliyokabidhiwa miaka mitano iliyopita, jina la kijiji na kiasi cha fedha, na muwaombe wasomaji wa huko watume jibu kwa simu: yanatoka au hayatoki. Wasomaji wako watakwenda kuangalia. Boda wapo kila mahali, na watoto wenye ndoo hawadanganyi komissiya.

Mkitaka kuanza na West Nile, orodha yangu ya visima kumi na vinne iko tayari. Imeandikwa kwa mkono, saini ni zangu zote, na vile vitano vilivyokufa nimevitia wino mwekundu. Ukinijibu, naikabidhi kwa kondakta wa basi la usiku, asubuhi iko Kampala.

Wako,
Mtumishi mstaafu wa idara ya maji,
Arua
(Jina langu unalo, Mhariri, usilichapishe, bado nadaiwa samaki sokoni.)